Kabla nyangumi mweupe hajatokea

Katika *Moby-Dick*, riwaya ya Mmarekani Herman Melville, nyangumi mwenyewe haonekani mpaka sura ya 133. Kitabu kina sura 135 na hitimisho fupi. Yaani ule mfukuzano unaojulikana dunia nzima, nahodha wa mguu mmoja akimwandama mnyama mweupe aliyemng'oa mguu wa pili, unachukua sura tatu tu za mwisho. Anayetaka kukifupisha kwa ajili ya wanafunzi huzichukua hizo tatu, akazitanguliza na vipande vichache vya bandarini, kazi ikaisha. Hivyo ndivyo kilivyonifikia mimi nikiwa sekondari: kijitabu chembamba, michoro kila baada ya kurasa chache, na maswali ya ufahamu mwishoni mwa kila sura. Kilinifurahisha. Kilikuwa hadithi ya samaki mkubwa na mzee mwenye hasira.

Kizima nilikisoma ukubwani, na mwaka huu wakati wa masika nimekirudia tena. Safari hii nilijizuia kukimbilia mwisho, ambao naujua. Nilikaa kwenye zile sura mia na zaidi zinazotupwa, za kamba, za chusa, za shahamu inayochemka, za nani analipwa nini. Huko ndiko kitabu kiliko. Ukiziondoa, Ahab, yule nahodha, anabaki mwendawazimu wa jukwaani. Ukiziacha mahali pake, unaelewa jinsi mtu mmoja anavyoweza kuchukua chombo cha wengine, na watu thelathini waliokuja kutafuta riziki, akawapeleka kufia ugomvi wake binafsi, nao wakiendelea kufanya kazi zao vizuri hadi dakika ya mwisho.

Herman Melville alikuwa anaijua kazi hiyo kwa mikono yake. Alizaliwa New York mwaka 1819, baba yake akafilisika na kufa, watoto wakakua kwa kuhangaika. Januari 1841 alipanda merikebu ya nyangumi iitwayo Acushnet kutoka Fairhaven, Massachusetts. Mwaka uliofuata alitoroka chomboni katika visiwa vya Marquesas, bahari ya Pasifiki, na habari za huko zikampatia kitabu cha kwanza na jina. Aliandika haraka, vitabu vitano katika miaka mitano, wasomaji wakampenda kama msimuliaji wa visiwa vya mbali. Halafu akaja na hiki cha sita.

Kilitoka London Oktoba 1851 katika majuzuu matatu kwa jina la *The Whale*, kisha New York mwezi uliofuata kwa jina tunalolijua. Toleo la London lilichapwa bila hitimisho. Hitimisho hilo ndilo linaloeleza kwamba msimulizi, Ishmael, alinusurika akielea juu ya jeneza. Wahakiki wa Uingereza wakauliza, na walikuwa na haki: kama wote walizama, hii hadithi anaisimulia nani? Marekani nako mapokezi yalikuwa ya vuguvugu. Nakala zilizouzwa kwao katika uhai wote wa mwandishi zilikuwa elfu tatu na kidogo, na moto ulioteketeza jengo la wachapishaji Harper mwaka 1853 ulikula zilizobaki. Melville alimalizia miaka yake ya kazi akiwa mkaguzi wa forodha katika bandari ya New York, miaka 19, akikagua shehena za watu. Alikufa 1891.

Sisi wa pwani tuna mlango wa uani wa kuingilia kitabu hiki. Mwaka 1846 Mmarekani J. Ross Browne alichapisha masimulizi ya safari yake ya kuvua nyangumi, na jina lake refu linataja pia habari za makazi yake katika kisiwa cha Zanzibar. Browne alikuwa amechoshwa na ukatili wa nahodha wake, akashuka Unguja, akakaa akingoja chombo cha kumrudisha kwao. Haikuwa ajabu wakati ule. Sayyid Said alikuwa na mkataba wa biashara na Marekani tangu 1833. Balozi mdogo wao wa kwanza, Richard Waters wa Salem, alifika 1837. Na mwaka 1840 merikebu ya Sultanah ilitia nanga New York ikiwa na mjumbe Ahmad bin Naaman. Merikani, kile kitambaa kilichoenea hadi bara, kilifumwa Massachusetts, jimbo lile lile lililotuma wavuvi wa nyangumi. Melville alikisoma kitabu cha Browne na kukiandikia uhakiki katika *Literary World*, Machi 1847. Miaka minne baadaye akakinukuu katika kurasa za mwanzo za *Moby-Dick*. Kwa hiyo kabla Ahab hajapewa jina, mwandishi wake alikuwa ameshasoma habari za Unguja.

Sisemi Unguja imo kwenye hadithi. Pequod, merikebu ya Ahab, inazunguka Rasi ya Tumaini Jema na kuivuka Bahari ya Hindi kusini kabisa, ikielekea mlango wa Sunda. Inatupita kwa mbali.

Lakini hata hivyo vitu vyetu vinajitokeza. Kuna sura ya ambari. Stubb, msaidizi wa pili wa nahodha, anakutana na merikebu ya Kifaransa iliyofunga ubavuni mzoga wa nyangumi unaonuka hadi watu wanajifunga pua. Anamshawishi nahodha wa Kifaransa auache kwa usalama wa afya zao, kisha wao wakishaondoka anachoma jembe ubavuni mwa mzoga na kutoa mafungu ya ambari kwa mikono miwili. Al-Masudi, msafiri na mwandishi wa Kiarabu, aliandika habari za ambari ya pwani ya Zanj, yaani pwani yetu, katika karne ya 10, na hadi leo wauza mafuta mazuri na udi wanajua thamani ya kitu hicho. Melville anashangaa kwamba mabibi na mabwana wanajipaka harufu iliyotoka katika matumbo ya nyangumi mgonjwa. Bibi zetu wasingeshangaa. Wangeuliza bei.

Na kuna sura iitwayo "The Ramadan". Ishmael amepanga chumba kimoja na Queequeg, mpiga chusa kutoka kisiwa cha Pasifiki, mwili mzima chale, anayeabudu kijisanamu cheusi. Siku moja Queequeg anajifungia, anachuchumaa na sanamu yake kichwani, hali, hanywi, hasemi, mchana kutwa na usiku kucha. Ishmael anaiita hali hiyo Ramadhani. Mara ya kwanza nilicheka kwa sauti: hakuna futari, hakuna daku, mtu kachuchumaa na mungu wake utosini! Asubuhi yake Ishmael anampa mwenzake mhadhara mrefu kwamba mifungo yote, ya Kwaresima na ya Ramadhani, ni mbaya kwa tumbo na kwa roho. Queequeg anamsikiliza kwa huruma, kama mtu mzima anavyomsikiliza mtoto. Hapo ndipo unapoona kwamba anayechekwa ni Ishmael. Melville anafanya hivi mara kwa mara: anampa msimulizi wake ujinga wa kawaida wa Mmarekani wa wakati wake, halafu anamwacha ajikwae mbele yetu.

Sasa nirudi kwenye kazi. Nyangumi akishauawa anavutwa hadi ubavuni mwa merikebu na kufungwa kwa minyororo. Mtu lazima ashuke juu ya mgongo wake wenye utelezi, afunge kulabu, huku papa wakiupigania mzoga chini ya miguu yake. Katika Pequod mtu huyo ni Queequeg, na Ishmael yuko juu kwenye sitaha. Kamba imefungwa kwenye mkanda wa huyu na mkanda wa yule. Queequeg akizama, Ishmael haruhusiwi kuikata, wanakwenda wote. Akiwa ameishika kamba ile, Ishmael anawaza kwamba kila anayepumua yuko hivyo hivyo: mwenye benki akianguka, wewe umekwisha, muuza dawa akikosea akakutilia sumu kwenye vidonge, unakufa. Na kisha, chini ya ukurasa, Melville anaongeza kwamba kamba hiyo hutumika katika merikebu zote za nyangumi, ila kumfunga na aliyeko juu ni desturi ya Pequod tu, ubunifu wa Stubb. Naipenda sana tanbihi hiyo. Mwandishi mwingine angeficha kwamba mfano wake bora ameutengeneza mwenyewe.

Kuna sura ya tanuri. Juu ya sitaha ya mbao, katikati ya bahari, wamejenga jiko la matofali lenye masufuria mawili makubwa ya chuma ya kuyeyushia shahamu. Moto ukishawashwa kwa kuni, unaendeshwa kwa makapi ya shahamu yenyewe. Nyangumi anakaangwa kwa mwili wake. Usiku Ishmael ameshika usukani, anayatazama yale majitu meusi kwa masizi yakicheka mbele ya moto, anasinzia, na akizinduka haoni dira. Amegeuka, ameipa gubeti kisogo, na chombo kinakaribia kupinduka. Ukurasa mmoja tu, lakini ukishausoma hutaiangalia tena taa ya mafuta ya nyangumi iliyowaka kwenye sebule za Boston kama pambo. Biashara yenyewe ilianza kufa muda mfupi baadaye, mafuta ya ardhini yalipochimbwa Pennsylvania mwaka 1859.

Na kuna ile sura ya furaha, ya 94. Mafuta ya kichwani mwa nyangumi yakipoa huganda mabonge, na kazi ya mabaharia ni kukaa kuzunguka beseni na kuyaminya mpaka yalainike tena. Ishmael anaminya asubuhi nzima. Anajikuta anaminya mikono ya wenzake humo ndani bila kujua, anawatazama machoni, anatamani wote waendelee kuminyana hivyo milele. Ni ya kuchekesha na ni ya kweli. Mtu yeyote aliyewahi kukaa na wenzake akipara samaki au kuchambua karafuu anaijua hali hiyo ya mikono kufanya kazi na moyo kutulia. Sura hiyo imewekwa mara tu baada ya ile ya Pip, ambayo nitaifikia.

Malipo. Hakuna mshahara kwenye merikebu ya nyangumi. Kila mtu ana fungu la faida. Wenye chombo ni wengi, hata wajane na yatima wa Nantucket, kisiwa cha wavuvi wa nyangumi ilikotoka Pequod, wana hisa zao ndogo ndogo, lakini wanaoajiri ni wazee wawili, Peleg na Bildad. Hao ni Wakweka, watu wa dhehebu la amani lile lile lililoingia Kaimosi, magharibi mwa Kenya, mwaka 1902, na nadhani wasomaji wa Vihiga watamtambua Bildad mara moja: mzee anayesoma Biblia bila kuinua macho huku akimpangia kijana fungu la 777. Anasoma kwa sauti aya ya kutojiwekea hazina duniani. Mwishowe Ishmael anaandikiwa fungu la 300, yaani sehemu moja katika 300 ya faida itakayopatikana. Queequeg, kwa kuwa alionyesha shabaha ya chusa lake, anapewa la 90.

Nilimsimulia baba mdogo, aliyevua samaki Kigombe tangu ujana wake. Kwao mgawo unajulikana: la chombo, la nyavu, la watu.

"Fungu la mia tatu?" akauliza. "Na anakaa baharini muda gani?"

"Miaka mitatu, baba."

"Basi huyo hakwenda kuvua, mwanangu. Huyo alikwenda matembezi."

Ahab anaujua uzito wa mafungu hayo kuliko tunavyomdhania. Watu wengi wanaikumbuka sura ya 36, anapoigongomea dhahabu ya Ekwado mlingotini, anawanywesha mabaharia, anawaapisha kumwinda nyangumi mweupe. Starbuck, msaidizi wake wa kwanza, peke yake ndiye anayeuliza kisasi hicho kitaleta mapipa mangapi sokoni Nantucket. Lakini sura inayonisisimua zaidi ni ya 46, fupi, isiyo na kelele. Ahab amekaa anapiga hesabu. Anajua kwamba kwa kukifichua kisasi chake ameshajiweka katika nafasi ya mnyang'anyi wa chombo cha watu, na kwamba mabaharia wakikataa kumtii, sheria itakuwa upande wao. Anajua pia kwamba kiapo cha leo kitapoa, na mtu asipoona tamaa ya pesa kwa miezi kadhaa, pesa hiyo hiyo itaasi ndani yake. Kwa hiyo anaamua: tutaendelea kuvua nyangumi wa kawaida, kama ilivyoandikwa, watu waone mapipa yakijaa. Huyu si mwendawazimu anayepiga kelele; ni mtawala anayejua kwamba utaratibu wa kila siku ndio utakaomficha. Zile sura za shahamu na tanuri, ambazo wanafunzi hawapewi, ndizo mapipa anayowaonyesha.

C. L. R. James aliliona hili kuliko mtu yeyote. Ni yule mwanahistoria wa Trinidad aliyeandika juu ya mapinduzi ya watumwa wa Haiti, na ambaye baadaye alilisifu Azimio la Arusha kwa maneno makubwa. Mwaka 1952 serikali ya Marekani ilimfungia kisiwa cha Ellis ikitaka kumfukuza nchini, na humo ndani akaandika kitabu kizima kuhusu Melville. Swali lake lilikuwa la mtu aliyefungwa: kwa nini mabaharia hawakuasi? Walikuwa wengi, wenye nguvu, waliotoka kila pembe ya dunia, na kazi waliiweza bila Ahab. James aliwapenda mabaharia hao kuliko maofisa wao. Wakati huo *Moby-Dick* alikuwa ameshafufuka. Wasomi walianza kumrudia Melville miaka ya 1920, baada ya wasifu wa Raymond Weaver wa 1921, na akafanywa nguzo ya fasihi ya nchi yake. James aliichukua nguzo hiyo akaisomea kutoka sitahani.

Kuna mtu mmoja kwenye sitaha hiyo ambaye ningependa asimame karibu zaidi, naye ni Daggoo, mpiga chusa Mwafrika. Melville anampa urefu, pete za dhahabu masikioni, na adhama. Anatuambia alipanda merikebu kwa hiari yake katika ghuba ya pwani ya kwao. Pwani ipi, hasemi. Kuna picha moja kali, Flask mfupi, msaidizi wa tatu wa nahodha, amepanda mabegani mwa Daggoo kwenye mashua inayoruka mawimbi ili aone mbali, na mwandishi anasema waziwazi kwamba aliyebeba alionekana mtukufu kuliko aliyebebwa. Vizuri. Lakini Daggoo mwenyewe anasema maneno machache mno katika kitabu kinene namna hii, na Queequeg amepewa kurasa. Hapo ukarimu wa Melville umeishia njiani.

Kwa Pip haukuishia. Pip ni kijana mweusi, mtumishi, mpiga tari. Anaingizwa kwenye mashua ya Stubb kwa dharura, anaogopa, anaruka majini. Stubb anamwokoa mara moja na kumwonya: ukiruka tena tutakuacha, kwa sababu nyangumi ana bei mara thelathini ya ile ambayo wewe ungeuzwa Alabama. Pip anaruka tena. Wanamwacha. Merikebu inamwokota kwa bahati, lakini akili haikurudi naye. Mabaharia wanamwita mwehu, na Melville anasema alichokiona chini kule ni mguu wa Mungu kwenye mashine ya kufumia dunia.

Bei ile haikuwa mzaha wa Stubb tu. Sheria ya kuwarudisha watumwa waliotoroka ilipitishwa 1850, Melville akiandika. Aprili 1851 Thomas Sims, aliyekimbia utumwa Georgia, alikamatwa Boston na kurudishwa kwa bwana wake, baada ya jaji mkuu wa Massachusetts kukataa kumwachia. Jaji huyo, Lemuel Shaw, alikuwa baba mkwe wa Melville. Toni Morrison, mwandishi wa riwaya Mmarekani mweusi, katika mhadhara wake wa 1988, alipendekeza kwamba weupe unaomtia Ahab wazimu tuusome sambamba na weupe ambao nchi ile ilikuwa inaugeuza kuwa itikadi. Tangu nilipousoma mhadhara huo, sura ya 42, ile ndefu inayouliza kwa nini rangi nyeupe inatisha, haijawahi kunisomekea kama shairi tu.

Kitabu kina mapungufu yake, na mengine ni ya mtu aliyeandika kwa pupa. Pip anatoka Alabama katika sura moja na Connecticut katika nyingine. Baharia Bulkington anatambulishwa kana kwamba atakuwa mtu mkubwa, kisha anaagwa kwa ukurasa mmoja na kutoweka. Ishmael anasikia anayoyasema Ahab peke yake chumbani, wala hatuambiwi alijificha wapi. Anashikilia kwamba nyangumi ni samaki, na katika sura ya 105 anatuhakikishia kuwa hawawezi kuisha baharini hata wavuliwe vipi. Merikebu za injini za karne ya 20 zilimkanusha vibaya. Mwaka 1979 ilibidi Bahari ya Hindi itangazwe hifadhi ya nyangumi, kwa pendekezo la Shelisheli.

Linalonibakiza kwenye mabishano ni Starbuck. James hakumwonea huruma. Alimwona kama mfano wa watu wema wa wakati wake mwenyewe waliowasalimishia nchi madikteta huku wakilalamika. Ushahidi ni sura ya 123. Tufani imepita, upepo umegeuka kuwa mzuri, na Starbuck anashuka kumwarifu nahodha, kwa kuwa hiyo ndiyo kanuni. Nje ya mlango kuna bunduki rafuni, na mojawapo ni ile ile ambayo Ahab aliwahi kumwelekezea. Anaichukua. Anawaza mke wake, mtoto wake, watu thelathini. Anafikiria kumfunga mzee badala ya kumuua na anaona haiwezekani. Ndani, Ahab anaweweseka usingizini, anapiga kelele za kuwinda.

Wengi wanasema hapo Starbuck alishindwa na uoga, au na dini. Mimi naona alishindwa na zamu yake. Ni mfanyakazi hodari kuliko wote chomboni, na hata wazo la kumuua nahodha limemjia katikati ya majukumu mawili, kabla ya taarifa na baada ya tufani. Anairudisha bunduki rafuni, anapanda juu, na kumwambia Stubb kwamba mzee amelala fofofo, ashuke yeye amwamshe na kumpa habari za upepo. Yeye Starbuck, anasema, ana kazi sitahani.